Watoto Zanzibar: soko la watumwa asubuhi, pembea za Kariakoo jioni

Mdogo wangu anataka kuwapeleka wanae Unguja likizo ya mwezi wa sita, akanipigia kuniuliza mi nlifanyaje na wa kwangu watatu, tukaongea weee mpaka salio likakata hata hatujafika kwenye boti. Nikaona bora niandike yote, asome na mwenzie yeyote mwenye watoto wadogo asome.

Safari yenyewe ni hivi: siku mbili, kulala usiku mmoja, mnaenda pale kanisa la Mkunazini kwenye kumbukumbu ya soko la watumwa, alafu mnaenda Kariakoo ya Unguja kwenye pembea. Najua kuna mtu anasoma hapa anashangaa, mama we utachanganyaje minyororo na pembea? Mi nakwambia inawezekana ila mpangilio ndo kila kitu, na najua kwasababu mara ya kwanza niliharibu. Tulifika Jumamosi mchana tukawapeleka Kariakoo kwanza, kesho yake asubuhi ndo Mkunazini, na ili watulie nikawaambia "mkikaa kimya hapa tunarudi kwenye pembea". Kosa kubwa. Kila baada ya dakika mbili, "mama tumemaliza? mama bado?", wa kati anakimbia kuzunguka lile shimo lenye sanamu za watumwa, na pembeni kuna wageni watu wazima wamesimama wanafuta machozi wanatuangalia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mara ya pili nikageuza. Hizi ndo hatua.

HATUA YA 1: angalia umri, usijidanganye

Wa kwangu mara ya pili walikuwa na miaka 9, 6 na 3. Wa miaka 3 haelewi chochote na haina haja aelewe, yeye anaenda kwasababu huwezi kumwacha. Wa 6 anaelewa kwamba watu walionewa. Wa 9 anaelewa na anataka tarehe, anataka nani alifanya, anataka kujua kwanini polisi hawakuja. Kwa hiyo lazima muwe watu wazima wawili. Mkiwa mmoja na watoto watatu acheni kwanza, subirini shangazi apate likizo, manake kuna sehemu utakuja kuona mbele mmoja lazima abaki nje na mdogo.

HATUA YA 2: waambie nyumbani kabla, tena mapema

Usisubiri mfike getini. Wiki moja kabla wakati wa kula, waambie sentensi tatu basi. Mi zangu zilikuwa: Zamani watu walikamatwa kwao kwa nguvu wakaletwa Unguja kuuzwa. Hawakuwa na kosa lolote. Siku hizi hairuhusiwi tena, na tunaenda kupaona pale walipouziwa ili tuwakumbuke.

Hiyo ya pili ndo ya muhimu kuliko zote, isisitize. Mara ya kwanza tulipofika kwenye zile sanamu wa kati aliangalia minyororo shingoni akaniuliza "hawa waliiba nini?" Mtoto akili yake iko hivyo, aliyefungwa amekosa, katuni zote zinamwambia hivyo, na shuleni pia anayeadhibiwa kakosa. Usipomwambia mapema kwamba hawakukosa kitu atatoka pale anadhani ameona jela ya wezi.

Alafu chukua karafuu jikoni. Usicheke. Watoto wote wanaijua karafuu maana wanaitoa kwenye pilau wanaiweka pembeni ya sahani, basi mpe mmoja mmoja ashike anuse, umwambie enzi za Sultani Seyyid Said mashamba ya mikarafuu yalitanda Unguja na Pemba na wengi wa waliouzwa ndo waliokuwa wanapelekwa huko kuchuma hizi, wengine wakapakiwa kwenye majahazi wakapelekwa mbali Uarabuni. Hiyo punje moja ilifanya kazi kuliko maneno yangu yote, mkubwa aliiweka mfukoni akaenda nayo mpaka Mkunazini.

Kuhusu nani aliyeuza, hapa uwe makini, hasa kama watoto wako wana marafiki wa kila aina. Usimpe mtoto jibu la kabila moja au dini moja. Wafanyabiashara walikuwa Waarabu, walikuwepo Waswahili wa pwani, walikuwepo machifu wa bara waliouza mateka wao, Wahindi walikopesha mtaji, Wafaransa walinunua kwa ajili ya mashamba yao ya visiwani huko Reunion. Tippu Tip mwenyewe, yule mfanyabiashara mkubwa wa watumwa, kazaliwa Unguja na nyumba yake bado iko Mji Mkongwe. Mi nlimwambia mkubwa "walikuwa watu wengi waliopenda hela kuliko watu", akaridhika.

HATUA YA 3: boti

Kutoka Dar panda boti ya saa moja asubuhi, mnafika bandari ya Malindi hapo Unguja kama saa tatu hivi na siku bado mbichi. Tiketi kateni siku kadhaa kabla hasa wikiendi na sikukuu, na msinunue kwa wale vijana wanaokudaka nje ya geti, ingieni ofisini wenyewe. Beba kitambulisho chako na vyeti vya kuzaliwa vya watoto hata kopi, nauli ya mtoto ni ndogo na wanaweza kutaka kujua umri. Kama unasafiri na wifi yako wa Ulaya mwenye pasi ya nje, mkumbushe kwamba tangu Oktoba 2024 wageni wanatakiwa kuwa na bima ya Zanzibar, ailipie mtandaoni kabla asije akawachelewesha.

Kutapika sasa. Mwezi wa sita mpaka wa nane ni upepo wa kusi, bahari inachafuka, na watoto wanatapika haswa. Kaeni ghorofa ya chini, katikati kuelekea nyuma, sio mbele hata kama mbele kuna dirisha zuri. Chai nzito na maandazi ya mafuta asubuhi hiyo hapana, wape mkate mkavu kidogo. Dawa ya kichefuchefu uliza famasi kwa umri wa mtoto, na inatolewa kabla ya kupanda, sio wakati ameshaanza. Mi kilichoniokoa ni bibi mmoja wa Kizanzibari aliyekaa nyuma yetu, akamwangalia wa kati alivyobadilika rangi akanambia "mwanangu, mpe hii anuse", akatoa ndimu kwenye mkoba akaikata kwa meno. Tangu siku hiyo ndimu mbili ziko kwenye begi langu. Na nguo ya kubadilisha moja moja iwe mkononi, isiwe kwenye begi kubwa lililorundikwa kule mbele.

Mifuko ya rambo msibebe, imekatazwa, nguo iliyotapikiwa weka kwenye begi la kitambaa au ndoo ndogo yenye mfuniko kama mimi (nlichekwa, ila nani alicheka mwisho).

HATUA YA 4: wekeni mizigo, kunyweni maji, alafu Mkunazini

Kigari cha mtoto acha Dar. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba, vina mawe na ngazi, pikipiki inapita usawa wa bega lako. Mdogo mbebe mgongoni kwa khanga, ndo usafiri wa uhakika. Mavazi yawe ya heshima, mabega na magoti yafunikwe, mnaingia kanisani na mnapita kwenye mitaa ya watu.

Mkunazini mfike kabla ya saa tano. Baada ya hapo makundi ya watalii yanajaa na jua linakuwa kali na mtoto mwenye njaa hawezi kukumbuka mtu yeyote. Getini mnalipa kiingilio, raia wanalipa tofauti na wageni, na mnaweza kupata muongozaji. Mchukueni muongozaji lakini kabla hajaanza mvute pembeni umwambie, "kaka, nina watoto, naomba habari za viboko na maiti uniambie mimi baadaye". Wengi wanaelewa na wanabadilisha maelezo vizuri tu. Wa kwetu alikuwa na wanae, aliwachuchumalia akawa anaongea nao wao badala ya sisi.

Mpangilio wa ndani ni huu, na mi naufuata makusudi:

Anzeni kanisani, sio kwenye sanamu. Soko lilifungwa 1873, Sultani Barghash alikubali kusaini baada ya kubanwa na Waingereza, na mwaka huohuo siku ya Krismasi likawekwa jiwe la msingi la kanisa palepale sokoni. Aliyelisimamia ni askofu Edward Steere, ambaye pia alikuwa mtu wa Kiswahili sana, alitafsiri na kuandika vitabu vya lugha. Watoto habari za Steere hazina kazi kwao ila wape kazi ya kutafuta: kuna nguzo ndani zimesimamishwa kichwa chini miguu juu, inasemwa askofu alisafiri, huku nyuma mafundi wakazigeuza kwa kutokujua, aliporudi akaziacha hivyohivyo. Wangu walizitafuta kama wanatafuta peremende. Alafu mbele ya madhabahu kuna duara jeupe la mawe sakafuni limezungukwa na nyekundu, ndo palipokuwa na mti waliofungiwa watu na kupigwa. Kwa wa miaka 6 nlisema "hapa watu waliumizwa, kwa hiyo hatupakanyagi", inatosha. Na ule msalaba wa mbao umetokana na mti wa kule Chitambo, Zambia, ambako moyo wa Livingstone, yule mmisionari aliyepinga utumwa, ulizikwa, naye alikufa mwaka huohuo wa 1873. Mkubwa alisimama hapo akauliza moyo ulitolewaje, nikamwachia baba yake.

Kutoka kanisani ndo nendeni kwenye sanamu. Ziko nje, ndani ya shimo, watu watano wamefungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden anaitwa Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Hapo usiongee. Kwakweli funga mdomo. Kaa nao pembeni ya shimo dakika mbili tatu waangalie, watauliza wenyewe. Wa kwangu wa kati safari hii hakuuliza waliiba nini, aliuliza mbona wanaangalia pande tofauti. Angalia, ni kweli, na mimi sikuwahi kuona. Picha piga za sanamu ukitaka, ila watoto wakitabasamu na alama ya vidole viwili mbele ya minyororo, jamani hapana.

Vile vyumba vya chini vya giza ndo mwisho, na sio kwa kila mtoto. Mnashuka ngazi, dari iko chini mpaka mtu mzima anainama, madirisha ni vipenyo tu, hewa nzito. Waongozaji watakwambia idadi ya watu waliorundikwa humo wakisubiri mnada. Wapo pia wanahistoria wanaosema vyumba hivyo vilijengwa baadaye na misheni, ni stoo ya hospitali, na mi naona ni vizuri mkubwa akalijua hilo, kwamba hata jambo la kweli watu wanabishana lilikaa chumba gani. Wa 9 alishuka na baba yake. Wa 6 alifika ngazi ya tatu akasema hapana, nikamwambia sawa, tukapanda juu. Usimlazimishe na usimwite muoga. Wa 3 alibaki juu na mimi anafukuza paka, na kule chini ndo pangekuwa kazi maana kitoto kikikuta pana mwangwi lazima kipige kelele, mara ya kwanza kilifanya hivyo.

Kuna na maonyesho ya mabango yenye maelezo marefu mazuri. Wewe soma, watoto wachagulie picha mbili.

Yote isizidi saa moja na nusu. Mkubwa wangu alipotoka alipiga hesabu peke yake, soko kufungwa 1873, utumwa wenyewe Unguja kupigwa marufuku 1897, miaka 24, akauliza "sasa hiyo miaka 24 walikuwa wanauzwa wapi?" Kwa magendo, baba, usiku kwa majahazi. Kuna pango na chumba cha kuficha watu kule Mangapwani, kaskazini ya mji. Mkiwa na siku ya tatu na mtoto wa aina hii mpelekeni, wadogo wabaki ufukweni.

HATUA YA 5: msitoke pale mkaenda moja kwa moja kwenye pembea

Hii ndo hatua watu wanairuka. Mtoto anahitaji katikati pawe na kitu cha kawaida kabisa. Sisi tulitoka tukavuka hapo tu soko la Darajani, tukanunua machungwa na tende, tukasikiliza kelele za wauza samaki, tukala wali nyumbani kwa mwenyeji, alafu kila mtu akalala mpaka saa tisa na nusu. Wakati wa kula wa kati akasema tu "wale watu na wao walikuwa na watoto" na kuendelea kula. Tukajibu ndio, wengi walikuwa nao. Basi. Hamna haja ya kugeuza kila sentensi somo.

Na neno pembea usilitaje kabisa asubuhi. Sio siri, kama wanajua wanajua, ila isiwe malipo. Ukisema "mkiwa na adabu Mkunazini ndo mtaenda Kariakoo" umeshamwambia mtoto kwamba Mkunazini ni adhabu.

HATUA YA 6: Kariakoo

Uhuru Kariakoo iko upande wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, bajaji kutoka Mji Mkongwe ni dakika chache, patana bei kabla. Ni kiwanja cha michezo cha watoto cha siku nyingi, Mzanzibari yeyote mtu mzima atakwambia alivyopelekwa pale sikukuu na nguo mpya na vijisenti vya iddi, na siku hizi kiko chini ya mfuko wa hifadhi ya jamii, ZSSF, wamekitengeneza upya. Nendeni saa kumi jua limepoa. Asubuhi hiyo muulize mwenyeji wenu wanafungua saa ngapi siku hiyo, na mkifika muulize getini hela ya kuingia ni ya kuingia tu au pamoja na michezo, hapo ndo bajeti za watu zinapokufa.

Utaratibu wangu: kila mtoto michezo mitatu anayochagua mwenyewe, hakuna mjadala. Anzeni na ya taratibu ya mdogo, pembea za kuzunguka kwa kasi ziwe kabla ya kula sio baada. Andika namba ya simu kwa kalamu mkononi mwa kila mtoto, wavae fulana za rangi moja inayoonekana, na mkifika tu waonyeshe sehemu ya kukutania mtu akipotea. Kama ni iddi zidisha hayo yote mara kumi, kiwanja kinajaa watoto kama siafu, raha yake haielezeki ila mdogo asitoke mkononi.

Ramadhani nayo iangalie kwenye kalenda. Mchana migahawa mingi imefungwa na kula hadharani hairuhusiwi, ukiwa na watoto wadogo utahangaika. Bora msubiri.

HATUA YA 7: Forodhani, kama bado mna nguvu

Magharibi shukeni Forodhani. Urojo, mishkaki, juisi ya miwa, na ile pizza ya Zanzibar ambayo ni chapati iliyojazwa kila kitu duniani. Uliza bei kwanza kila meza. Kabla giza halijaingia vijana wanapiga makachu, wanajirusha ukutani kuingia baharini kwa mbwembwe, watoto wangu walikaa pale nusu saa nzima bure kabisa na waliipenda kuliko michezo niliyolipia. Shikilia wa miaka 6, anaweza kudhani na yeye anaweza.

KURUDI

Boti ya kurudi msichukue ya jioni kabisa siku ya pili, chukueni ya mchana, watoto wamechoka na nyumbani kuna kufua. Ndimu tena.

Maswali yenyewe yatakuja baadaye, sio siku ile. Wa kati aliniuliza wiki mbili mbele tuko kwenye daladala ya Mbagala imejaa, kwa sauti, "mama, nani alikuwa ananunua watu?" Abiria wote kimya. Uwe na jibu lako tayari, na liwe la kuweza kusemwa mbele ya konda.